Orodha ya Alhamisi

Magomeni Mapipa,
Dar es Salaam.
14 Oktoba 1983

Padre Pantaleo,

Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini ulifika salama huko Nambunda na parokia yako mpya imekupokea vizuri. Salamu ndefu sina, unisamehe. Tangu jana nina hasira.

Padre, watu wetu wamechukuliwa. Wamechukuliwa wakiwa na sahani mkononi.

Jana tulipika kama kila Alhamisi kwenye uwanja wa kanisa, kile chakula ulichokianzisha wewe mwenyewe kwa wanaolala kwenye mabaraza ya Kariakoo. Ugali wa unga wa njano, maharage, na dagaa kidogo ambao mama mmoja wa soko la samaki la Feri alituchangia. Saa saba mchana yakaja malori mawili. Mgambo wakateremka, mmoja ana karatasi. Mimi nikafurahi, mjinga mimi! Nikadhani ni unga.

Si unakumbuka mwezi wa nane uliniambia niandike majina ya wote wanaokula kwetu, na makwao, ili tuombewe mgao wa unga? Niliandika kwa mkono wangu majina arobaini na moja, kwenye karatasi za daftari la Klara, nikampa mwenyekiti wetu wa kanisa, Ignasi, akuletee. Watu nikawaambia, siku mkiitwa itikeni, msije mkakosa fungu lenu.

Basi waliitwa, wakaitika. "Bakili Saidi Mtepa, Nachingwea!" Mzee Bakili kipofu akanyoosha mkono juu, anacheka, "Mimi hapa, baba!" Wakamkamata mkono ule ule alionyoosha. "Sofia Mnyampaa, Singida!" Sofia akasimama. Unamjua, ndiye anayemwongoza mzee mwaka wa sita huu. Walipompeleka kwenye lori la pili, mzee akapiga kelele, "Huyo msinitenge naye, huyo ndiye macho yangu!" Mgambo akamuuliza, "Ni mkeo? Cheti cha ndoa kiko wapi?" Watu wakacheka, Padre. Watu waliokuwa wanapita njia walisimama wakacheka.

Wanasema ni amri: asiye na kazi mjini arudi kwao akalime. Kipofu alime nini? Na kwao wapi? Mzee Bakili ametoka huko kabla mimi sijaolewa.

Wamechukua ishirini na sita. Maharage yamebaki nusu sufuria. Nimekaa nayo hapa, yamechacha, sijui niyamwage wapi.

Nataka kujua karatasi yangu ilifikaje kwenye mkono wa mgambo. Wewe ndiye uliyetufundisha kazi hii. Niambie nifanye nini.

Ni mimi,
Benedikta (Mama Klara)


Parokia ya Nambunda,
Nachingwea.
28 Oktoba 1983

Mpendwa Mama Klara,

Milele Amina. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimehuzunika sana, na jina la kila mmoja wao nimeliweka katika sala zangu za asubuhi.

Hata hivyo nakuomba tusihukumu kwa haraka. Nia ya serikali si mbaya. Wewe na mimi tumewaona watu wale wakinyeshewa na mvua Mtaa wa Mchikichi, wakipigwa teke na walinzi. Hapa kijijini kuna ardhi, kuna majirani. Pengine mtu ambaye mji ulimtupa, kijiji kitamwokota. Utekelezaji ulikuwa na ukali, nakubali, lakini ukali wa wachache usitufanye tukate tamaa na jambo zima.

Kuhusu orodha, ningekushauri usiizungumzie sana. Karatasi hupita mikono mingi, na kutafuta mkono mmoja wa kulaumu kutaigawa parokia bure. Halmashauri ya parokia ikiamua chakula kisimame kwa muda, uitii.

Nasikia kuna malori yameleta watu katika wilaya hii. Sijapata nafasi ya kwenda kuwaona. Baiskeli yangu haina mpira wa nyuma, na mipira haipatikani.

Ubaki na amani ya Kristu,
Padre Pantaleo Ngonyani


Magomeni Mapipa,
Dar es Salaam.
11 Novemba 1983

Padre,

Umeisoma barua yangu mara tatu. Yako mimi nimeisoma mara moja, ikatosha.

Unaniambia kijiji kitawaokota. Mwaka wa sabini na nne kijiji cha kina Mzee Bakili kilihamishwa chote, alinieleza mwenyewe pale kwenye sufuria. Mpwa wake alikuja mjini kumpa habari: nyumba zimeezuliwa, watu wamepelekwa kando ya barabara kuu. Mpwa naye akafa. Kwa hiyo serikali iliwaondoa kwao, halafu leo inamwambia rudi kwenu. Nani atamwokota, mikorosho?

Nawe hukwenda kumtazama kwa sababu ya mpira wa baiskeli. Mguu una mpira gani?

Sasa nikupe habari zetu. Halmashauri imesimamisha chakula "mpaka hali itulie". Jumapili iliyopita, watu wanatoka misani, nilimsimamisha Ignasi mlangoni mwa kanisa nikamwambia mbele ya wote, "Yuda alipata vipande thelathini, wewe umepata nini?" Alikuwa amevaa lile koti lake la zamani la kazi ya reli. Alivua kofia, akaniambia polepole, "Mama Klara, mimi niliifikisha nilipotumwa. Muulize aliyeipokea," akaenda zake. Nikaona ni ujanja wa mtu mwenye hatia. Watu kadhaa hawamsalimii tena.

Chakula hakikusimama. Bi Mauza binti Mbaruk, mwenye duka la vitambaa Mtaa wa Sikukuu, ambaye Mzee Bakili na Sofia walikuwa wakilala barazani kwake, alikuja mpaka nyumbani kwangu na buibui lake limejaa vumbi. Akasema, "Mama Klara, uani kwangu pana nafasi na kuni zipo. Leta sufuria." Nikamwambia, Bi Mauza, watatuandama. Akasema, "Kila Ramadhani nafuturisha watu barazani kwangu. Nani aliwahi kuniomba orodha yao?"

Basi sasa Alhamisi tunapika kwa Mwarabu, chakula cha kanisa. Wanakuja wachache, wanakula wamesimama, jicho mlangoni. Wengine wakiniona njiani wanavuka upande wa pili. Wananiona mimi ndiye niliyewauza. Kalamu si ilikuwa yangu?

Nenda kamtafute Mzee Bakili. Sikuombi, nakuagiza kama mama yako, maana kwa umri ningeweza kukuzaa.

Benedikta


Parokia ya Nambunda,
Nachingwea.
25 Novemba 1983

Mpendwa Mama Klara,

Nimekwenda, kwa miguu. Ni saa nne kutoka hapa.

Waliletwa kumi na mmoja. Wanalala kwenye ghala la ushirika, juu ya magunia matupu ya korosho. Mwenyekiti wa kijiji si mtu mbaya. Alinitolea kiti kisha akaniambia, "Padre, nimeshushiwa watu kumi na mmoja bila debe moja la mahindi, na mvua ya mwaka jana ilitukimbia. Watu wangu wanachimba mizizi. Niwape nini?" Wanne tayari wametoroka. Mmoja, yule mchukuzi tuliyekuwa tukimwita Konde, alifariki wiki ya pili kwa kuhara. Wamemzika vizuri.

Mzee Bakili yu hai. Amekonda. Alinitambua kwa sauti. Nilimkuta amekaa mlangoni na jembe jipya mapajani. Amepewa jembe, kama wote, na ekari moja.

Aliniomba nimpeleke kwao Chilole, kile kijiji cha zamani walichoondolewa. Nilimshika mkono tukaenda, mwendo wa asubuhi nzima. Nilikuwa sijawahi kumwongoza kipofu. Nilimkwaza mara nyingi, naye kila mara alisema, "Si kitu. Sofia pia alianza hivyo."

Tulipofika akauliza, "Tumefika?"

"Tumefika, mzee."

"Mbona kimya hivi?"

Ni msitu, Mama Klara. Alipapasa majani mpaka akachoka, akakaa chini, akaniuliza tena kama nina hakika na njia.

Ameniomba nikuandikie maneno haya, kama alivyoyasema: "Mama Klara, mimi mzima, Alhamdulillahi. Sofia yuko wapi? Kama amefika kwao Singida, mwambie miguu yake aipake mafuta ya nazi, inapasuka. Kama hajafika, mtafute. Hapa naongozwa na kila mtu, na anayeongozwa na kila mtu hana anayemwongoza."

Kuna mganga msaidizi wa zahanati, dada Candida, mtu wa huruma, anayempelekea uji.

Jambo moja nakuomba. Usimlaumu tena Ignasi. Hana kosa.

Wako katika Kristu,
Padre Pantaleo


Magomeni Mapipa,
Dar es Salaam.
9 Desemba 1983

Padre Pantaleo,

Sofia amerudi.

Jana alitokea uani kwa Bi Mauza, tunapakua. Lori lao liliharibika Morogoro, akashuka kama anaenda msalani, akatembea. Wiki karibu nane, mara anapewa lifti, mara analima kibarua apate chakula, mara anajificha. Vidole viwili vya mguu vimeoza kucha. Nilimpa sahani, hakuipokea. Aliuliza kwanza, "Mzee yuko wapi?" Nilipomsomea maneno ya mzee kuhusu mafuta ya nazi alikaa chini pale pale kwenye majivu, akalia kama mtoto. Bi Mauza amemlaza chumbani kwake mwenyewe.

Sasa tuje kwako.

Wiki iliyopita niliiona ile sentensi yako, "Hana kosa." Nikajiuliza, Padre amejuaje, yuko Nachingwea? Nikafunga kanga nikaenda ofisi ya kata. Mara ya nne naenda. Katibu alikuwa amechoka na sura yangu. Akasema, "Mama, tusisumbuane. Hatukuiba kitu. Tuliletewa." Akafungua faili, akanigeuzia.

Juu kulikuwa na barua. Muhuri wa parokia. Sahihi yako. Chini yake karatasi za daftari la mwanangu.

Niliisoma yote, Padre, nimesimama, katibu ananiangalia. "Wengi wao ni watu wa mikoani ambao kwa msaada wenu wangeweza kuanza maisha mapya." Tarehe kumi na tisa Septemba. Wewe uliondoka tarehe ishirini na tisa. Siku kumi! Alhamisi ya ishirini na mbili ulikuja kwenye sufuria, ukabariki chakula, ukampakulia Konde kwa mkono wako. Ulimwangalia usoni. Konde yuko kaburini, nawe unaniandikia kwamba amezikwa vizuri.

Umeniacha nimtukane Ignasi mbele ya kanisa zima. Umewaacha watu maskini wavuke barabara wakiniona. Nilikuomba ushauri ukaniambia karatasi hupita mikono mingi. Mikono mingi! Mikono ilikuwa mitatu: wangu, wa Ignasi na wako.

Nilimwendea Ignasi jana jioni. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ningesema, wangeacha kuja kanisani." Mzee wa watu, amebeba aibu yako kama gunia.

Nilikuita Baba miaka saba. Leo nakuandikia jina lako tu, na usinitumie baraka. Nitumie ukweli.

Benedikta


Nambunda.
22 Desemba 1983

Mama Klara,

Ukweli ni huu.

Katibu wa kata aliniambia kwamba maskini walioandikishwa watapewa unga na sabuni. Niliamini, nikakwambia uandike. Hadi hapo sikukuficha kitu. Septemba aliniita tena, akasema mgao haupo, lakini kuna mpango wa kuwarudisha watu makwao, na orodha yetu ingesaidia kazi ifanyike kwa utaratibu, bila fujo. Akaongeza kwamba maombi yetu ya kiwanja cha zahanati yako mezani kwake.

Ningeweza kuirudisha karatasi mfukoni. Ilikuwa bado mkononi mwangu. Nilimpa, na barua nikaandika.

Nilijiambia wataombwa kwa heshima. Nilijiambia vijiji ni vya kindugu. Nimehubiri habari ya udugu huo miaka kumi, na nilitaka sana uwe wa kweli. Lakini nisijifiche tena nyuma ya imani yangu. Alhamisi ile ya mwisho nilijua, na sikuwaambia, kwa sababu niliogopa wangenitazama kama unavyonitazama wewe sasa.

Barua yako ilipofika nilikwenda ghalani siku ile ile. Nilimwambia Mzee Bakili kila kitu. Dada Candida alikuwapo.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Padre, siku ile nilinyoosha mkono nikicheka. Unajua kwa nini? Mjini mimi ni 'kipofu', ni 'we mzee sogea'. Miaka ishirini sijaitwa kwa jina langu na la baba yangu. Nilipoitwa, nilifurahi."

Nikapiga magoti nikamwomba msamaha. Akasema, "Inuka, mavumbi hayo. Nenda kaniletee Sofia. Msamaha tutauzungumza nikiwa na macho ya kukutazama."

Nimemwandikia Askofu nikamweleza nilichofanya, nami nimeomba ruhusa ya safari. Baada ya Noeli nitakuwa kwenye basi, ikiwa kivuko cha Rufiji kinavusha. Sikuombi unipokee.

Pantaleo


Magomeni Mapipa,
Dar es Salaam.
14 Januari 1984

Mzee Bakili, shikamoo.

Barua hii anakuletea Sofia mwenyewe, wanakuja na Padre, na nimemwomba dada Candida akusomee. Najua mna mengi, lakini Sofia hataki kukueleza habari za huku kwa kinywa chake. Anasema akianza atalia, na wewe hupendi kilio.

Padre alifika tarehe tano, amepauka vumbi la barabara nzima. Alibisha hodi kwangu. Nilimfungulia, nikampa maji, nikampa chai ya rangi bila sukari, maana haipatikani. Mkono sikumpa. Mpaka leo sijampa, nawe usinihimize.

Jumapili baada ya misa alimwomba paroko mpya nafasi ya kusema. Hakwenda mimbarini, alisimama chini, usawa wetu. Akasema, "Watu waliokuwa wakila hapa walichukuliwa kwa sababu yangu. Ignasi hana kosa. Mama Klara hana kosa. Orodha niliitoa mimi, nikijua." Kisha akataja majina yote arobaini na moja, la kwako na la baba yako, na alipofika kwa Konde akataja jina lake la ubatizo, Eliasi, ambalo nusu yetu hatukulijua. Mtu mmoja wa halmashauri aliinuka akatoka nje, anasema mambo haya hayasemwi hadharani. Mimi nikainuka pia. Nilikuwa nimemtukana Ignasi mbele ya watu, nikamwomba radhi mbele ya watu. Yule mzee alinishika mabega akasema, "Basi, mama, basi, tumechelewa kupika." Kumbe ilikuwa Jumapili! Watu wakacheka, wengine machozi yanawatoka.

Jumatatu Padre alikwenda kwa katibu wa kata kuifuta barua yake. Katibu akamwambia barua ikishaingia kwenye faili haifutwi. Padre amekaa kwenye benchi la ofisi ile siku tatu mfululizo, kanzu na rozari, kila anayeingia anamuuliza, "Padre, una shida gani?" naye anamwambia. Siku ya tatu katibu akaandika karatasi mbili ili Padre amwondokee hapo mlangoni: moja inasema Bakili Saidi Mtepa ni kipofu na asipewe kazi ya jembe, nyingine inasema Sofia Mnyampaa ni mwangalizi wake na wasitenganishwe popote watakapokaa. Zote zina muhuri. Sofia amezishonea ndani ya gauni. Ni karatasi tu, mzee, na karatasi tumeona zinavyofanya. Lakini zishike. Mkitaka kukaa huko, kaeni. Mkitaka kurudi, baraza la Bi Mauza lipo, anasema hakuna aliyelipangisha.

Msamaha wako ni mali yako. Kama utampa Padre, mpe. Kama utamwacha asubiri, asubiri.

Juzi Alhamisi tulipika uani, wakaja kumi na tisa. Ignasi ndiye aliyekoroga ugali, koti la reli amelining'iniza kwenye msumari. Katikati ya kula akaingia mgambo mmoja na daftari. Watu wakaacha kutafuna. Akaniuliza, "Mama, hawa ni akina nani? Nipe majina."

Nikamwambia, "Andika. Benedikta Hyasinti Mbunda, wa Magomeni, mpishi."

Akaandika. Bi Mauza kutoka dirishani akasema, "Na mimi niandike. Mauza binti Mbaruk, mwenye nyumba." Ignasi naye akataja lake, hajaacha kukoroga.

Mgambo akasema, "Na hawa wengine?"

Nikamwambia, "Hawa ni wageni wangu. Mgeni hahojiwi akiwa na tonge mkononi. Kaa ule, au utupishe."

Alisimama pale na kalamu yake muda mrefu, Mzee Bakili. Sikujua atafanya nini. Hakuna hata mmoja aliyekimbia. Mwishowe alifunga daftari, akatoka, akasema atarudi.

Arudi. Alhamisi tutakuwapo.

Ni mimi,
Benedikta